Sumaku ya Mshtarii na Masale ya Bibi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukumbi wa shule yetu pale Moshi umejaa wazazi, nami nimesimama nyuma ya meza na sumaku mbili. Ilikuwa miaka ya tisini, siku ya maonyesho ya sayansi. Baba alikuwa ameteremka kutoka Marangu kuja kuamua kama niendelee na fizikia kidato cha tano au nirudi nyumbani, maana hakuona ina faida gani kwa binti. Bibi alikuja naye. Sherehe gani ingempita bibi yangu?

Sumaku kubwa niliitoa kwenye spika ya redio mbovu. Hiyo ndiyo Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Ile ndogo niliing'oa kwenye mlango wa kabati la Mama. Hiyo ndiyo Dunia. Unga wa chuma nilimwomba fundi wa kuchomelea kule Majengo. Nikaunyunyiza kwenye karatasi juu ya Mshtarii, ukajipanga wenyewe kwa mistari ya kupinda, watu wakapiga makofi. Basi kichwa kikavimba! Nikasema nguvu ya sumaku yake imetanda mbali mno, hata kwamba lau ingeonekana kwa macho kutoka hapa kwetu, ingeupita mwezi kwa upana angani. Ile ndogo sikuigusa.

"Huko anaishi nani?" Bibi akauliza.

"Hakuna, Bibi. Sumaku yake imenasa chembe kali mno. Zinaua."

"Na hii yetu?"

"Inausukuma kando upepo wa jua, chembe kali zinazotoka juani, usitudhuru."

"Kumbe ni masale!" Akamgeukia Baba. "Mtoto amesifu ua wa jirani uliojaa nyuki, wa kwetu kaunyamazia."

Ukumbi mzima ukacheka. Masale si ndiyo mimea tunayozungushia vihamba vyetu, mashamba ya nyumbani, migomba na kahawa vikae salama? Nilicheka mpaka machozi, nikaishika ile ndogo, nikaeleza upya kwa maneno ya Bibi. Baba akasogea mezani, akanyunyiza unga mwenyewe, akarudia tena na tena.

"Utaendelea na masomo," akasema, macho bado kwenye karatasi. "Ila hiyo ndogo irudi kabatini. Mlango haufungiki."

Sijawahi kufurahi vile.

Mwanangu, soma ya mbali, uyashangae kwa moyo wote. Kisha geuka ukitazame kile kinachokulinda kimyakimya, ukitaje kwa jina na ukishukuru. Mungu akuzungushie masale yake, na ndani yake kicheko kisikauke.