Barua Niliyomwandikia Mhindi Mwekundu

Kwa miaka tisa niliamini, nikiwa na akili zangu timamu na meno yangu yote, kwamba mzee Mhindi mwenye duka la vitambaa pale Biryogo, Kigali, aliwahi kuwashinda askari mia tatu wa farasi, peke yake, na bado akawahi swala ya adhuhuri. Wala sikuwa peke yangu. Mafundi cherehani wote wa mtaa wetu waliamini. Filamu za Wahindi Wekundu tulikuwa tumeziona ukumbini, mishale, farasi na vumbi. Huyu naye alikuwa Mhindi, ndevu zake nyekundu kama tofali, na juu ya majora ya vitenge ilining'inia bunduki fupi ya wapanda farasi, kitako chake kimepigwa misumari ya shaba. Tulisema kila msumari ni askari mmoja aliyekufa. Misumari ilikuwa ishirini na kitu. Mimi nilihesabu mia tatu.

Mwenyewe alisema aliachiwa na Mmarekani mmoja wa misheni aliyehama. Sisi tulielewa hivi: Wazungu wameona aibu, wamemrudishia mali yake.

Nilikuwa nashonea kwenye baraza lake. Jioni nilifunga cherehani nikaenda shule ya watu wazima, na miaka ile ya sabini nikapata cheti cha Kifaransa. Cheti hicho nilikitembeza Kigali nzima, kutoka Kicukiro hadi Kacyiru. Sidhani kama kuna mbuzi wa Kacyiru ambaye hakukiona. Ndipo nikathubutu kusoma kikaratasi kilichofungwa kwa uzi kwenye bunduki. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini kwa kukisogeza karibu na Kifaransa changu nilipata maneno matatu: karabini, askari wa farasi, Mhindi. La nne, Sioux, lilinishinda, nikaamua ni jina la ukoo wake. Ushahidi gani tena nilihitaji?

Misumari ile mke wa mzee alikuwa akiisugua kila Alhamisi kwa ndimu na majivu, ing'ae kwa ajili ya Ijumaa. Alipofariki, majivu ya mara ya mwisho yalibaki yamekauka kuzunguka kila kichwa cha msumari, weupe mwembamba kama chumvi. Siku moja nilipanda kwenye kiti na kitambaa nipanguse.

"Wacha, fundi," mzee alisema. "Hiyo si vumbi. Iko mkono ya bibi yangu."

Nikashuka.

Kisha likatoka tangazo la serikali: kila mwenye silaha aipeleke ofisini, na anayetaka kubaki na ya zamani aandike barua ya maelezo kwa Kifaransa. Mzee hakula siku hiyo. Alinisubiri nimalize suruali ya mteja, akaniita ndani.

"Fundi, wewe umesoma. Andika: iko ya zamani, haipigi, risasi hakuna. Iko ukumbusho ya bibi yangu. Waniachie."

"Hayo tu, mzee?"

"Hayo tu."

Mistari mitatu! Cheti changu kingeona haya. Niliandika kurasa nne. Niliweka vita, niliweka farasi, niliweka damu hadi magotini, na nikamalizia kwamba bunduki hii haijakosa shabaha hata mara moja na iko tayari hata leo. Nilidhani wakubwa wakijua wanaongea na shujaa wa namna gani, watampigia saluti na kumwachia. Mzee hakujua Kifaransa. Alitia sahihi pale kidole changu kilipomwonyesha.

Wiki iliyofuata walikuja watu wawili wa ofisini, wapole, viatu vimepakwa rangi. Mkubwa wao alishika barua yangu.

"Mzee, umeandika iko tayari hata leo."

"Haipigi," mzee alisema.

"Barua inasema inapiga. Tena imeua mia tatu." Akaziba mdomo asicheke mbele ya mtu mzima.

Mzee alinigeukia. Mimi nilikuwa natafuta sindano chini, sindano ambayo haikuanguka.

Kijana wao aliishusha bunduki. Alitaka kuona namba aiandike kwenye stakabadhi, na kwa adabu yake, asichafue meza, akachukua kipande cha kitambaa cha amerikani akaipangusa. Alipangusa kitako chote, msumari mmoja baada ya mwingine, hadi ikawaka kama Ijumaa za zamani. Mzee alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Wakaondoka nayo. Kile kitambaa walikiacha mezani.

Maisha yangu yote nimeongeza chumvi, lakini hapa siongezi hata punje: hakulia, hakunifukuza barazani. Alikikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni, akakaa juu ya jora. Akaniuliza niliandika nini. Nikamweleza yote, Mhindi Mwekundu, ukoo wa Sioux, wale mia tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndevu zake siku hizo zilikuwa zimeanza kuota nyeupe mashinani.

"Fundi," alisema, "hao Wahindi Wekundu, na hao Sioux, iko watu ya Amerika. Wazungu walikosea jina, basi. Mimi natoka Gujarati, nimeuza kitambaa tu. Hii nyekundu ni hina. Bibi yangu ndiye alikuwa ananipaka."