Zege Lisilo na Uso

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa ujenzi alinitazama kutoka juu ya jukwaa akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikamjibu kwamba nimekuja kufunga nondo. Mafundi walicheka mpaka wakaweka koleo chini. Jengo lilikuwa la ofisi, Moshi mjini, na pale mimi nilikuwa mwanamke pekee asiyeuza chai.

Ninyi mnaoanza leo mnakuta wasichana wamevaa kofia ngumu kila mahali, kwa hiyo niwaeleze. Kufunga nondo ni kuunganisha vyuma kwa waya kabla zege halijamwagwa. Ni kazi inayofunikwa. Ukiifanya vizuri hakuna atakayeiona. Nilichopenda zaidi ni kubomoa boksi, yaani mbao zinazolishika zege mpaka ligande. Mbao zikitoka, ukuta hubaki mtupu na michirizi ya mbao juu yake. Walipokuja watu wa plasta kuufunika, roho iliniuma.

Msanifu Mkuu aliona ninavyokawia mbele ya kuta, akanihamishia ofisi yake ya michoro, Njoro. Alikuwa mkali, hasifu mtu. "Mapambo ni ya kuficha makosa," alizoea kusema. "Jenga vizuri, kisha nyamaza." Kwake nilijifunza paa bapa, vizuizi vya jua, na bamba linalotokeza hewani bila nguzo. Bamba la aina hiyo nondo zake kuu hukaa juu, si chini, maana likilemewa huanza kupasuka juu. Baadaye nikafungua karakana yangu Rau, nikaanza kuunda sanamu za zege zisizofanana na mtu wala mnyama. Ndugu zangu walishika vichwa.

Kisha ikaja kazi ya soko dogo la ndizi, njia ya Bomang'ombe. Kamati ilitaka sanamu ya kumheshimu mama muuza ndizi. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Kwenye kikao hicho akina mama wenyewe hawakuitwa. Mwenyekiti wa kamati aliniagiza mwanamke mwenye mkungu kichwani na mtoto mgongoni. Nilikasirika. Mama yangu alishuka na mikungu kutoka mgombani maisha yake yote, na sasa nimbebeshe mwingine hata akiwa wa zege? Nikajenga ukuta mmoja uliopinda, bamba refu likitokeza kutoka juu yake, na chini ya bamba kibaraza kipana cha kukalia. Basi.

Mwenyekiti alikuja miti ya mirunda ikiwa bado imelishikilia bamba. Akalizunguka.

"Mwanamke yuko wapi?"

"Atakuja, Mwenyekiti."

"Unanichezea. Hiki kitu hakina uso, tena kitawaangukia watu. Jumatatu kinavunjwa."

Nilirudi Rau nikalia. Singeweza kuijenga tena sanamu ile. Nilikuwa nimeweka humo kila nilichojua.

Jumatatu nilikuta nyundo zimeshaletwa. Mama Aikande, mkubwa kuliko wauzaji wote, alikuwa amesimama mbele ya Mwenyekiti, wenzake nyuma yake. Mkononi alishika jani la isale. Huku kwetu masale ndiyo mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, na ndiyo jani la kuombea msamaha na suluhu. Ukiletewa isale na mkubwa wako, hukatai, hata kama moyo unawaka.

"Mwanangu," alisema, "sikuombi ulipende. Nakuomba mirunda itoke kwanza. Likisimama, liache."

Mwenyekiti akalipokea lile jani kwa mikono miwili. "Mama, umenifunga," akasema.

Zege lilipokomaa nikaitoa mirunda, nikianzia nchani kurudi ukutani, nikabaki nimesimama chini ya bamba ili likianguka lianze na mimi. Halikuanguka. Mama Aikande akaja akanishika kiuno. Sijawahi kushusha pumzi namna ile.

Sasa nimestaafu, mabega hayataki tena kuchanganya zege. Watu huniuliza kama sijutii kutochonga nyuso. Mwezi uliopita nilishuka pale sokoni kungoja basi la kurudi mjini. Jua lilikuwa kali. Chini ya bamba, kibaraza kilijaa akina mama, mikungu yao imelala chini, mmoja amesinzia mgongo ukutani. Sikumjua hata mmoja, wala wao hawakunijua.

"Shikamoo mama," akasema aliyekuwa mwisho, akijisogeza. "Kaa hapa kwenye kivuli. Umechoka."

Kweli nilikuwa nimechoka. Nikaitikia marahaba, nikaketi, nikavua viatu.