Swali Ambalo Yuliana Hakuuliza

Yuliana wa duka la dawa hapa Tandika si mtu wa kunyamaza. Alikuja mjini kutoka Masasi na cheti chake cha kuuza dawa, na mdomo wake. Ukinunua dawa ya kikohozi atataka kujua umelala wapi. Mimi nakaanga chapati kibarazani kwake mwaka wa tisa sasa, kwa hiyo namjua, na mengine nitakayosema yananihusu.

Kwenye jambo moja tu tulimweza. Mwaka wake wa kwanza alimuuliza mteja kama ana mimba, na tumbo halijaonekana. Yule mama alimshushua mbele ya watu, akamwita mwenye kijicho. Kwetu watu wa Pwani mimba changa haitajwi. Tulimcheka, tukamfunda, akaelewa. Tangu hapo akawa anauza dawa bila kugusa habari za matumbo ya watu.

Tunu, mke wa Anwar, ana kifafa tangu utotoni. Kila mwezi alikuwa akileta pakiti tupu ya vidonge vyake, valproeti, Yuliana anamkatia nyingine kwa mkasi, basi. Boksi na karatasi ya maelezo vilibaki dukani, na karatasi zile nilikuwa nazichukua mimi kuwashia mkaa. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Miaka miwili iliyopita Tunu alijifungua mtoto wa kike, Nusaiba, mwenye mgongo wazi. Alifanyiwa operesheni, yu hai, ana macho ya kuwachunguza watu, ila miguu haina nguvu. Mama mkwe wake, Bi Chausiku, hakuhangaika kutafuta sababu. Alisema Tunu alikuwa akitoka nje saa za magharibi na mimba yake, akapatwa na upepo wa mashetani. Alilisema msibani, akalisema harusini. Tunu akaacha kwenda kwenye shughuli, na mtaani akawa anapita uchochoroni.

Mwezi uliopita Yuliana alifungua boksi jipya la dawa ya Tunu, nikanyoosha mkono nipewe karatasi. Hakunipa. Jicho lake lilinasa neno mimba, akaisoma mara tatu, kisha akakaa juu ya katoni.

"Mama Mfaume, hii dawa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uti wa mgongo unajifunga mwezi wa kwanza, mama mwenyewe hata hajajijua."

Nilimwambia yaliyopita si ndwele.

"Tugange yajayo," akamalizia. "Na yajayo ndiyo haya. Si umeniambia mwenyewe Anwar anataka mtoto wa pili?"

Akampigia simu mfamasia aliyemfundisha. Akaambiwa si kila anayemeza huzaa hivyo, lakini hatari ni kubwa. Tunu asiache dawa ghafla, kifafa kinaweza kumuua. Aende kwa daktari abadilishiwe kabla ya kushika mimba, na aanze mapema vidonge vya foliki, vya kuukinga mgongo wa mtoto. Yuliana alikata simu akalia. Nilimsihi amwambie Tunu aende hospitali tu, asijitie kitanzi. Duka lenyewe ndilo linalomlisha.

Ijumaa Tunu akaja na pakiti tupu, Nusaiba mgongoni.

"Mdogo wangu," Yuliana alimwambia, "haukuwa upepo. Nadhani ni dawa hizi, na niliyekuwa nakuuzia ni mie. Nilitakiwa nikuulize kama una mpango wa kuzaa. Niliogopa maneno ya watu."

Kisha akamweleza yote, na ya mfamasia. Chapati yangu iliungua nikisikiliza. Nilijua Tunu atamtukana, na moyoni nikasema ana haki.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Karatasi ilikuwa hapa hapa, sikuisoma."

Tunu alimvuta mtoto juu, akakaza kanga.

"Funga duka, da Yuli."

"Twende hospitali?"

"Hospitali kesho, na utanipeleka wewe. Leo twende kwa mama mkwe. Hayo hayo uliyoniambia mie, ukamwambie na yeye."

Yuliana alimkatia vidonge vya siku chache, asije akakosa dozi, akavua koti jeupe. Akaliangalia, akalivaa tena. Nikamsaidia kufunga kufuli.

Tunu alitangulia. Hakupita uchochoroni. Alishika barabara kubwa, mbele ya baraza zote, na kila aliyekaa nje, Tunu alimsalimia kwa jina.