Motere Iliyozikwa Nyuma ya Jiko

Baba yangu alilipata lile gari kwa kuwajengea kuku nyumba.

Lilikuwa Biharwe, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mnyankore, limezama kwenye majani hadi usawa wa vioo. Ni yale magari madogo ya zamani yenye mgongo wa mviringo, ambayo injini yake iko nyuma na mizigo huwekwa mbele. Bibi alifuga kuku humo ndani tangu mumewe afariki. Baba alikwenda kumtengenezea kinu cha kusaga mahindi, alipoliona gari akasahau kinu. Wakaelewana kwamba yeye atawajengea kuku nyumba ya mbao, na bibi atampa gari. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Lori lililopeleka ng'ombe Mbarara likarudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, na gari letu mgongoni, limejaa kinyesi cha kuku, na baba kakaa ndani, mikono kwenye usukani, amevimba kichwa kabisa.

Lilipokuwa likishushwa kwenye kiwanja chetu cha Rubondo, upande wetu wa kambi, mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Siye tuliomba nyumba ya kulala," akasema, "na wewe unatuletea nyumba ya kuku."

Hakukosea. Tulikuwa na mwaka mmoja tu tangu tutoke Kabazana, pale wanapoandikisha wageni, na juu ya vichwa vyetu kulikuwa na turubai la plastiki. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Lakini kwetu Kongo, Kivu Kusini, baba alikuwa mekanisiye, fundi wa magari, na tangu tuvuke mpaka hakuna aliyemwita hivyo. Walimpa jembe. Alilima, na mahindi yake yalikuwa mabaya kuliko ya majirani wote, nami nilimwonea aibu.

Alilitengeneza gari kwa miaka sita. Sakafu yote ilikuwa imeliwa na kutu, ukikaa unaona ardhi, akaitengeneza upya kwa madebe ya mafuta ya msaada, ameyapasua, ameyanyoosha kwa nyundo na kuyapigilia misumari ya ribiti, kwa hiyo ukiinua mkeka ulikuwa unasoma maandishi ya msaada mpaka mwisho. Mipira ya milango ilikatwa kwenye kandambili. Waya wa mafuta ulikuwa nyaya mbili za breki za baiskeli zilizounganishwa. Aliliinua juu ili lipite kwenye matope yetu, akakata madigadi ya nyuma, akang'oa kiti cha nyuma ili magunia yapate fasi. Rangi ilikuwa ya buluu, ile iliyobaki walipopaka milango ya kanisa. Kusema kweli lilikuwa baya. Ila injini, au motere kama tulivyoiita nyumbani, aliifungua na kuifunga mpaka ikawa safi kuliko sufuria za mama.

Na alilipenda kwa sababu moja aliyoirudia kwa kila mgeni. Injini ile inapozwa na upepo tu, haina rejeta ya maji.

"Hii hainywake maji," alikuwa akisema, huku akitazama ndoo zetu zilizopangwa kwenye foleni. "Ni gari ya mukimbizi kabisa. Haipangake foleni ku bomba."

Siku lilipowaka Rubondo nzima ilitoka. Lilitoa moshi, likakohoa, likaenda. Baba alipiga mzunguko hadi kanisani na kurudi, na mama, ambaye kwa miaka sita alilisema vibaya, alikaa mbele na kitenge chake kipya bila kumtazama mtu. Kwa miaka mitatu lilibeba maharage, ngoma za kwaya na wajawazito. Sijawahi kumwona baba akitembea vile, kabla ya hapo wala baada ya hapo.

Halafu dosye yetu ikaitwa. Asiyeishi kambini hajui maana ya neno hilo. Dosye ikiitwa, unakwenda mahojiano, na mahojiano yakienda vizuri unapelekwa nchi ya mbali kuanza maisha upya. Mama alishona begi siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka kuondoka kuliko nilivyotaka kuolewa. Nililala na kuamka na jambo hilo.

Wa kwanza kuja kutupongeza alikuwa mzee wa kanisa, jirani yetu. Alikunywa chai, akalitazama gari kwa muda.

"Bakiona hii, batasema munaikala muzuri," akasema. "Dosye yenu itakufa."

Hakuna aliyekuwa ameona kanuni hiyo imeandikwa popote. Kambini tuliijua tu. Wengine walificha baiskeli, wengine redio, jirani mmoja alishusha mabati akarudisha turubai siku wageni walipotarajiwa kupita. Tuliogopa kuonekana tunaweza kitu. Ukiniuliza leo nani alituingizia ujinga huo, nitakujibu kwamba tuliingiziana wenyewe, na tulikuwa hodari sana wa kuingiziana.

Injini ya gari lile inashikwa na bolti nne tu. Baba alizifungua kabla ya chakula cha mchana. Tuliiteremsha juu ya tairi kuukuu, tukaifunga kwa turubai, tukaizika nyuma ya jiko, na mama akarundika kuni juu yake. Gari lenyewe tukalirudishia kuku, safari hii wa mama. Baba ndiye aliyewaingiza mmoja mmoja, akafunga mlango taratibu. Kisha akaosha mikono kwa majivu na mchanga, wiki nzima, mpaka weusi wa oili ukatoka kwenye kucha. Alisema wale wa mahojiano wanatazama mikono.

Jioni alitufundisha majibu. Alikaa kwenye kigoda, kalamu sikioni, akawa mwenye kuhoji.

"Baba yako anatumikaka kazi gani?"

"Ni mulimaji."

"Anajua gari?"

"Hapana."

"Sema nguvu! Ukisita, batajua."

Nilisema kwa nguvu. Alinisifu, akamwambia mama kwamba mimi nina kichwa. Mdogo wangu alicheka akafukuzwa. Tulirudia kila jioni, hadi ikawa ninamtazama baba na kweli ninamwona mkulima, na mkulima mbaya.

Siku ya mahojiano aliingia yeye kwanza. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa anacheka peke yake, uso umefunguka kama siku ile gari lilipowaka, nami nikajiambia, mzee amedanganya vizuri. Mama akafuata, akatoka haraka. Yeye alisema hajui kazi za wanaume, akaishia hapo. Kisha mimi.

Mhoji alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na mkalimani wa kike kando yake. Aliuliza tulikotoka, nani alikufa, tulipita wapi. Kisha akauliza baba alifanya kazi gani Kongo.

"Mkulima," nikasema.

Aliacha kuandika. Akauliza tena polepole, na mkalimani akanitazama kana kwamba anataka kuniambia jambo. Nikasema tena. Akauliza kama baba amewahi kutengeneza magari.

Ningeweza kunyamaza pale, au kusema sijui. Lakini mimi nina kichwa. Nikasema, "Baba yangu hajui hata kufungua mlango wa gari." Nikaongeza kwamba naapa.

Tulitembea kurudi, na ilikuwa njiani baba alipoanza kusimulia. Mtu yule alimuuliza, ukifika huko utafanya kazi gani? Jibu la kulima lilikuwa tayari mdomoni, tulilifanyia mazoezi, na halikutoka.

"Miaka kumi nzima," baba alisema, "hakuna mutu alishaniulizaka ninajua nini. Banauliza tu nilikimbia nini. Huyu aliniuliza." Akasimama katikati ya njia. "Nilimuambia yote. Nilimuchorea motere na upepo wake. Alifurahi, aliniambia fundi ni mutu wa maana kule."

Kisha akanigeukia mimi. "Na weye, balikuuliza?"

Nikamwambia nilivyojibu, na kwamba niliapa. Mama ndiye aliyeelewa kwanza, akakaa chini pale pale vumbini na kitenge chake cha kanisani.

Karatasi ilikuja baada ya miezi mingi: maneno ya familia hayapatani, dosye imesimamishwa. Haikutaja gari wala kuku. Hata tungekuwa na magari matatu, labda tungeondoka bila shida yoyote. Mama alifumua begi akatengenezea mito. Alipika, alifua, na kwa msimu mzima wa maharage hakumsemesha yeyote kati yetu wawili, isipokuwa mara moja tu, aliponiambia: "Mwenye kufundisha alisahau, mwanafunzi akakumbuka. Mulijua kunimaliza."

Nilikuwa na hasira na baba, na bado ninayo. Alitulisha uongo kila jioni, halafu yeye akala ukweli peke yake. Nilimwambia hivyo, kwa ukali, nikitaka anipige. Hakunipiga. Alisema, "Ulisema muzuri, vile nilikufundisha," akachukua koleo, akaenda nyuma ya jiko.

Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita. Turubai lilikuwa limetoboka na shimo lilikuwa bwawa. Motere ambayo haikunywa maji maisha yake yote ilikuwa imekunywa hadi kwenye pistoni, ikashikana kwa kutu. Alimimina mafuta ya taa, alingoja siku, aligonga kwa kipande cha mti, akangoja tena. Haikuzunguka. Akairudishia udongo. Kuku walibaki kwenye gari, na tangu hapo baba akawa analima bila kulalamika, na mahindi yake yakaanza kuwa mazuri. Hilo liliniuma kuliko mengine yote.

Miaka miwili baadaye tulikwenda pamoja Biharwe kununua mbegu. Kando ya barabara kuu ya Masaka kulikuwa na gari kama letu, limepakwa rangi ya krimu, linang'aa, limezimika. Kijana mwenye suti alikuwa amefungua kifuniko cha mbele, akitafuta injini kwenye mahali pa mizigo. Baba alizunguka hadi nyuma, akainua kifuniko, akainama, akanusa. Aligusa mkanda wa feni kwa kidole kimoja, nao ulikuwa umelegea kabisa. Nilimwona anajua.

Kijana alimwona pia. "Mzee, wewe iko makanika?"

Baba aliuondoa mkono wake, akaupangusa kwenye suruali, akaninyooshea mimi.

"Uliza huyu mutoto," akasema, bila hasira yoyote. "Yeye ndiye alishaapa."

Nikasema ni fundi. Nikasema ni fundi mkubwa, wa magari haya haya, na alilijenga moja kwa mikono yake. Nilisema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyankore, kwa sauti ya juu, watu wakageuka. Lakini kijana alikuwa tayari kwenye simu akiita fundi wa Mbarara, na baba alikuwa ameshavuka barabara, amechuchumaa mbele ya gunia la muuza mbegu, anachagua mbegu za maharage.