Mate ya Babu juu ya Injili

Mjerumani wa misheni ya Akheri, tuliyemwita Bwana, alirudi kutoka likizo kwao na kipande cha Injili alichokinunua Misri njiani. Mwalimu wetu alitutangazia wiki nzima, nami nikadhani tutaona kitabu. Tulichoonyeshwa ni kipande cha mafunjo, yale matete waliyoandikia watu wa kale, kisichozidi kiganja changu, rangi yake kama jani la mgomba lililokauka, kimeliwa pande zote. Mama angekikuta jikoni, angewashia moto.

Bwana alikitoa katikati ya vioo viwili vilivyokihifadhi, akakilaza mezani. Alisema ni maandishi ya Kigiriki, ya zamani mno, na habari yake ni ile ya Yesu kutema mate chini, akafanya tope, akampaka kipofu machoni. Mwalimu akapiga magoti mbele ya meza. Juzi yake tu alikuwa ametuchapa kwa sababu baba zetu wanaheshimu miti.

Babu yangu alikuwa mbele. Alikuwa abatizwe Jumapili ile, baada ya miaka miwili ya mafundisho. Hakuficha sababu. Bibi alibatizwa kabla ya kufa, akazikwa katika makaburi ya misheni, naye alitaka kulazwa kando yake.

Akainama, akakitemea mate kidogo, kama wazee wetu wanavyombariki mtoto mchanga.

"Mshenzi!" Bwana akapiga kelele, akakifuta kwa kitambaa. Alifuta kwa nguvu hata herufi mbili zikatoka. Mate ya babu hayakuwa yametoa hata moja.

"Mzee, umetutia aibu," mwalimu akasema. "Omba radhi."

"Ya nini? Nimekibariki. Wajukuu wangu wote nimewatemea hivyo, hata huyu mrefu," akanishika bega. "Amekufa?"

"Omba radhi, au hakuna ubatizo."

"Basi na Yesu wenu aombe. Yeye alitema mengi zaidi."

Watu wakacheka. Bwana akalikata jina la babu daftarini pale pale. Mimi nililifikiria jibu lile kabla ya babu, lakini nilikuwa nikitazama miguu yangu, kama kawaida yangu.

Babu alikufa mvua zilizofuata. Mwalimu alikuja msibani, akala nyama ya kuwatosha watu wawili, ndipo akasema kaburi la misheni haliwezekani. Tukamzika migombani.

Kipande kile kimetundikwa kanisani. Wageni wakiuliza, mwalimu huwaambia kwamba herufi zilizopotea ziliharibiwa na wadudu wa Misri.