Miaka ya Kumshikia Kaka

Mwanzoni mwa miaka ya sabini niliishi na baba mdogo katika chumba kimoja Handsworth, Uingereza, juu ya duka la Mhindi. Yeye alisukuma matoroli ya shuka chafu hospitalini, mimi nilikuwa kibarua kiwandani. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kwa ndoto sikuwa na mpinzani. Nilikuwa nimeshampangia baba mdogo uzee wake wote: nyumba ya mabati kule Voi, mbuzi, kiti cha kamba kibarazani, na pensheni ikimfuata huko kila mwezi.

Tatizo lilikuwa moja. Alifika Uingereza akiwa mtu mzima, na miaka yake ya hospitalini isingetosha kumpatia pensheni. Akistaafu, wangemrudishia tu kile walichomkata, basi. Ndipo tukasikia kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi ya serikali kwingine anaweza kuinunua ile miaka ya zamani, akatwe kidogo kidogo kwenye mshahara, ihesabiwe pamoja na ya hapa. Na baba mdogo alifanya kazi ya reli Voi tangu ujana wake.

"Tumepona!" nikamwambia.

"Wewe nawe! Maji hayajachemka, ushamwaga unga."

Karani wa pensheni aliandika Nairobi kuuliza, kwa namba ya kazi aliyopewa na baba mdogo. Jibu lilipokuja akatuita. Nilikwenda kama mkalimani, nimefunga na tai. Alikuwa mama wa makamo, mpole, akatumiminia chai. Akasema miaka ipo, yote, imefuatana bila pengo. Ila imeandikwa kwa jina la mtu mwingine, akalisoma.

Lilikuwa jina la marehemu baba yangu.

Kwetu Taita, kazi ya reli ilikuwa ya nyumba nzima. Aliyeajiriwa ni baba. Mvua zikianza alirudi kulima, na mdogo wake akavaa ile kofia ya reli, akaenda kumshikia nafasi. Baada ya mavuno wanabadilishana. Mnyapara alijua, wala hakujali; alichotaka ni mabehewa yaoshwe. Wengi walifanya hivyo, na hakuna aliyeona ajabu. Hata baba alipofariki, baba mdogo aliendelea kuitika jina lile lile mpaka alipoondoka.

Karani alimtazama baba mdogo, kisha akaniuliza polepole, "Labda ni jina lake jingine? Nimeona watu wa kwenu huwa na majina mengi."

Nikamgeukia baba mdogo, nikamweleza kwa Kiswahili, halafu nikaongeza langu: "Sema ndiyo, baba. Ndiyo tu, tuondoke."

Chai ya baba mdogo ikapoa, ikafanya utando.

"Nikisema ni mimi," akasema, "baba yako alikuwa wapi miaka yote ile?"

"Baba hayupo. Hatachukia."

"Ndiyo maana." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Mwambie huyo ni kaka yangu. Mimi nilikuwa namshikia."

Nikatafsiri kama nilivyoambiwa. Karani akasema pole, akafunga faili. Nilingoja nilie, au nikasirike. Hakuna kilichokuja. Niliangalia bomba la maji moto ukutani, rangi yake imebanduka kwenye kona, nikawa naliangalia tu.

Ndani ya basi la Soho Road, tukirudi nyumbani, tulikaa ghorofa ya juu. Vioo vilikuwa na ukungu. Baba mdogo akauliza kama nyumbani kuna vitunguu. Nikasema vipo. Nilijaribu kuwaza ile nyumba ya mabati, mbuzi, kile kiti. Vilikuwepo, lakini kama vya mtu nisiyemjua.

Majira ya baridi yaliyofuata mgongo ulimkamata, hata kuinuka kitandani akashindwa. Kiwandani kwetu walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo nilikuwepo tu. Hakutaka siku impotee.

"Kanishikie," akasema, uso kaelekeza ukutani.

Nikavaa koti lake la kazi. Mikono ilikuwa mirefu kidogo. Hospitalini nikachukua toroli lake, lile lenye gurudumu linalolia, nikaanza kusukuma shuka. Supavaiza alikuwa mwisho wa ujia, anawasha sigara. Akaita jina la baba mdogo, bila kuinua macho.

Nikaitika, nikaendelea kusukuma.