Sita Mara Sita

Mwalimu Anselim alikuwa na kisa kimoja alichokisimulia kila alipopata watu wa kucheka nao. Alikisimulia ofisini kwa walimu, alikisimulia kwenye sherehe za kipaimara, na hata siku alipokwenda kujitambulisha ukweni Kiberege alikitoa mara tu baada ya chakula. Kilikuwa kifupi tu. Aliwahi kumfundisha mtoto wa wavuvi aliyeandika kwamba sita mara sita ni mia moja. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Mtoto huyo aliitwa Levina. Aliletwa darasa la tatu akiwa na miaka kumi, katikati ya muhula, kwa sababu wazazi wake waliishi miezi mingi ya mwaka kwenye kambi ya wavuvi mtoni, ng'ambo ya mashamba ya mpunga ya Mbingu. Kusoma na kuandika alifundishwa hukohuko na baba yake. Anselim wakati huo alikuwa na mwaka wa pili kazini. Darasa lake lilikuwa na watoto themanini na wawili, na kusahihisha madaftari kulimla jioni zake zote.

Wiki ya kwanza alitoa maswali ishirini ya kujumlisha na kuzidisha. Levina alipata manne tu, yale ya namba ndogo kama mbili jumlisha tatu. Mengine yote aliyakosa. Tano jumlisha nne aliandika 13. Nane jumlisha saba aliandika 23. Sita mara sita aliandika 100, kwa mwandiko mzuri, bila kufuta popote.

Anselim alidhani anafanyiwa mzaha. Alimwita mbele.

"Sita mara sita ni ngapi?"

"Tenga moja, mwalimu," Levina alisema kwa sauti ndogo. "Mitungo sita ikijaa, ni tenga—"

"Nimekuuliza habari za samaki mimi?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Anselim aliinua daftari juu, akawasomea wenzake majibu yote, moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo watoto wakamwita Mia.

Levina alivumilia mwezi mmoja. Kisha akaanza kukosa Jumatatu, baadaye Jumatatu na Jumanne, na mwishowe mama yake, Agnella, akaja shuleni mwenyewe. Alikuwa mtu mzima kuliko Anselim kwa miaka mingi, lakini alisimama mlangoni mwa ofisi mpaka akaambiwa aingie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya huyu binti. Kila asubuhi analia. Niambie ukweli, anaweza?"

Anselim angeweza kusema tumpe muda, au ngoja nikae naye. Alikuwa na rundo la madaftari mezani na njaa tumboni.

"Mama, mtoto huyu hana kichwa cha hesabu," alisema. "Msimlazimishe. Akae awasaidie kambini."

Agnella alimshukuru. Alimshukuru kweli, kwa mikono miwili, akaondoka.

Ikapita miaka kumi na mmoja. Anselim alioa, akapandishwa daraja, akawa mtu wa kuheshimika. Likizo moja yeye na mwenzake Beatus walichaguliwa kwenda Ifakara mjini kwenye mafunzo ya walimu wa hisabati. Walilala kwa shemeji yake Beatus, Lipangalala, na kila asubuhi walikwenda ukumbini kwa miguu.

Siku ya tatu mkufunzi, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliandika ubaoni: VIZIO.

"Sisi tunahesabu kwa makumi," alisema. "Vikifika kumi, tunafunga fungu moja na kuanza upya. Ndiyo maana kumi tunaiandika moja na sifuri. Lakini si lazima iwe kumi. Leo tufunge kila tukifika sita. Sita yenyewe tutaiandikaje?"

"Moja, sifuri," walimu waliitikia.

"Na tano jumlisha nne?"

Anselim alikuwa ameshaanza kuandika. Tisa ni fungu moja la sita, na tatu zinabaki. Aliandika 1, akaandika 3, halafu kalamu ikasimama.

"Moja, tatu," ukumbi ulisema.

"Vizuri. Na sita mara sita? Mafungu sita ya sita, sasa nayo yanafungwa pamoja kuwa fungu kubwa."

"Moja, sifuri, sifuri!"

Beatus alimgeukia akicheka, akampiga bega. "Bwana wee! Si ndiye yule mtoto wako wa mia?"

Alisema bila ubaya wowote. Anselim alijaribu jibu jingine alilolikumbuka: nane jumlisha saba ni kumi na tano, mafungu mawili ya sita, zinabaki tatu. Mbili, tatu: ile ishirini na tatu aliyoisomea darasa zima. Wenzake walipotoka kunywa chai alibaki ameketi, kwa sababu sasa alikumbuka kitu ambacho katika kisa chake hakuwahi kukisimulia hata mara moja: kwamba mtoto alikuwa amemweleza. Mitungo sita ikijaa, ni tenga. Alimwambia kwa maneno hayohayo, naye akamkatiza.

Jumamosi iliyofuata alipanda pikipiki yake mpaka Mbingu, akaulizia, akaelekezwa njia ya kuelekea mtoni. Alimkuta Levina akianika samaki kwenye kichanja pamoja na dada yake mkubwa, Rosemery. Levina sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mmoja, na alimtambua mwalimu kabla pikipiki haijazimwa. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mwalimu."

Salamu hiyo ilimchoma. Aliitikia, akakaa kwenye gogo aliloonyeshwa, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoroka.

"Levina, mtungo mmoja huwa na samaki wangapi?"

"Sita."

"Na tenga?"

"Mitungo sita. Baba alikuwa anaandika kwa mkaa ubaoni: matenga, mitungo, na wanaobaki." Alimtazama. "Kwa nini?"

Alimweleza. Alichora mchangani kwa kijiti, hesabu moja moja, na Levina aliinama kufuatisha. Alipomaliza, alisema, "Hukukosa. Ulihesabu kwa sita, na majibu yako yote yalikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosa. Na nilikucheka. Nisamehe."

Levina aliutazama mchoro.

"Yote ishirini?"

"Yote ishirini."

"Mama alikufa mwaka juzi," alisema. "Tangu siku ile alipotoka kwako, hakuniacha nihesabu kitu. Si samaki, si debe la mpunga. Alikuwa akisema, huyu mwacheni, mwalimu kasema hana kichwa. Hakusema kwa ubaya, alikuwa ananionea huruma." Alifuta mchoro kwa kiganja. "Ungemwambia yeye."

Anselim alisema angependa kumfundisha, kila Jumamosi, kama angekubali. Levina alijibu kwamba atafikiri.

Alikubali. Walisoma Jumamosi sita kwenye benchi la nyumba ya Rosemery. Mahesabu ya makumi aliyashika upesi kuliko wanafunzi wengi wa Anselim, na kila alipopata jibu gumu alimtazama mwalimu kidogo, kama anayesubiri acheke. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Kisha masika yakaanza, njia ikajaa maji, na masomo yakakatika.

Aliporudi baada ya mavuno alimkuta Rosemery peke yake. Levina alikuwa amekwenda Malinyi kumfuata mumewe. Daftari la masomo yao alikwenda nalo.

"Magunia ya mpunga ya mwaka huu alihesabu yeye," Rosemery alisema. "Mwenyewe, mbele ya watu."

"Nimefurahi," alisema Anselim.

Rosemery alichezea ncha ya kanga yake. "Alipoondoka niliyahesabu tena, kwa siri. Mwalimu, unajua tena, tumezoea." Akaangalia pembeni. "Yalikuwa sawasawa."